Cheti cha uraia kwa Wapemba wa Kenya: huduma ilivyo, inapokwama, na mlango wa kuingilia

Huduma tunayoipima hapa ni usajili wa uraia wa Kenya kwa watu waliokuwapo nchini bendera ilipobadilishwa usiku wa 12 Desemba 1963, na ambao nchi mpya haikuwahesabu kuwa raia wake: Wapemba wa Kilifi na Kwale, wenye asili ya kisiwa cha Pemba, Zanzibar, Wamakonde wa Kwale, Washona wa Kiambu na Nairobi. Mifano mingi tumeitoa kwa Wapemba, kwa sababu kwao ndiko sheria inakobana pabaya zaidi.

Hukumu yetu ni hii. Cheti chenyewe ni kizuri na kina nguvu. Anayekipata anaingia nchi rasmi: anapiga kura, anasajili laini ya simu kwa jina lake, anafungua akaunti, anachukua leseni ya uvuvi, ananunua shamba. Njia ya kukifikia ndiyo yenye kasoro, na kasoro kubwa si foleni wala makarani. Ni kwamba ofisi haimwambii mwombaji aingie kwa mlango gani. Katiba na sheria zimeweka milango minne, na kila mmoja una masharti yake. Tumeona faili nzuri zikikwama miaka kwa kuwa zilipelekwa kwenye mlango usiokuwa wake, na tumeona watu wakipanga foleni ya kusajiliwa ilhali ni raia tangu walipozaliwa.

Kwanza tueleze tatizo limetoka wapi, maana afisa atakuuliza na ni vizuri ujue kujibu.

Tangu 1895 Mwambao, ule ukanda wa maili 10 kutoka baharini, ulitawaliwa na Waingereza kwa mkataba na Sultani wa Zanzibar, lakini ulibaki kuwa nchi yake. Mpemba aliyetweka tanga Wete, kisiwani Pemba, akashukia Kilifi hakuwa ametoka katika milki ya Sultani; alikuwa amehama bandari. Tarehe 8 Oktoba 1963, jijini London, ilikubaliwa kwamba mamlaka ya Sultani juu ya Mwambao yakome Kenya itakapopata uhuru. Zanzibar ikapata uhuru wake 10 Desemba, Kenya 12 Desemba. Yakafuata Mapinduzi ya 12 Januari 1964, kisha Muungano na Tanganyika 26 Aprili. Kwa hiyo katika muda usiofika miezi 5, nchi aliyokuwa mtu wake mvuvi yule ilibadilika mara tatu, naye yuko palepale anashona nyavu.

Katiba ya uhuru ya Kenya ilimpa uraia moja kwa moja aliyezaliwa Kenya ikiwa na mzazi wake mmoja alizaliwa Kenya. Waliozaliwa Kenya na wazazi wote wawili waliozaliwa kwingine hawakuingia. Baadhi ya waliobaki nje walipewa miaka 2 ya kujiandikisha, hadi 12 Desemba 1965. Ukizaliwa Kilifi kwa baba na mama waliozaliwa Micheweni, Pemba, ulibaki nje. Mtoto wa jirani ambaye bibi yake alimzalia mama yake Takaungu, hapo hapo Kilifi, aliingia. Hakuna aliyefanya kosa hapo. Ni mstari tu ulipita katikati ya mtaa.

Sasa milango.

Wa kwanza ni ibara ya 14 ya Katiba ya 2010, uraia wa kuzaliwa. Huu ndio unaosahauliwa, na kwa maoni yetu ndio muhimu kuliko yote. Mtu ni raia wa kuzaliwa ikiwa siku aliyozaliwa mama au baba yake alikuwa raia, na ibara inasema wazi kwamba hili linawahusu hata waliozaliwa kabla ya Katiba hiyo. Wapemba wengi walioa Mwambao: Wagiriama, Wadigo, Wabajuni. Mtoto wa baba Mpemba na mama Mgiriama mwenye uraia ni raia wa kuzaliwa. Hahitaji kusajiliwa, hahitaji tangazo la Rais, hahitaji kuthibitisha babu alifika mwaka gani. Kinachotokea dirishani ni kwamba karani anadai kitambulisho cha baba, kwa mazoea. Baba hana. Karani anamrudisha kijana, na kijana anaambiwa mtaani kwamba asubiri usajili wa Wapemba. Hapana. Mwambie kwa adabu kwamba unaomba kupitia mama, taja ibara ya 14, na uwe umekuja na kitambulisho cha mama, nakala yake, na ikiwezekana mama mwenyewe.

Ugumu hapa ni mama aliyefariki zamani. Wanawake wa Kenya walianza kuandikishwa vitambulisho mwishoni mwa miaka ya 1970. Aliyefariki kabla ya hapo hakuacha kadi yoyote. Basi tafuta ndugu zake wa tumbo moja. Kitambulisho cha mjomba, pamoja na kiapo chake mbele ya kamishna wa viapo kwamba marehemu ni dada yake, walizaliwa wapi na wazazi wao ni nani, hujaza pengo hilo vizuri. Cheti cha ndoa cha Kadhi nacho ni dhahabu: kina jina la bibi harusi, la babake, na mara nyingi mahali anapotoka. Karatasi hizo za Kadhi watu huziweka chini ya godoro hadi mchwa wazile. Zitoe, zipigie nakala, na nakala moja iweke kwa mtu mwingine.

Milango mitatu iliyobaki imo katika Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya Kenya ya 2011, vifungu vya 15, 16 na 17.

Kifungu cha 15 ni cha asiye na utaifa: mtu asiye na dai linaloweza kutekelezwa la uraia wa nchi yoyote, na ambaye ameishi Kenya mfululizo tangu 12 Desemba 1963. Kifungu cha 16 ni cha mhamiaji: aliyehamia Kenya kwa hiari yake kabla ya tarehe hiyo, akaishi mfululizo, na hana pasipoti wala hati ya utambulisho ya nchi nyingine. Cha 17 ni cha watoto wao waliofika umri wa miaka 18. Masharti mengine yanafanana: kujua Kiswahili au lugha ya wenyeji kiasi cha kutosha, kutokuwa umefungwa kifungo cha miaka 3 au zaidi, kukusudia kuendelea kukaa Kenya, na kuelewa haki na wajibu wa raia.

Soma tena tofauti ya 15 na 16, maana faili nyingi za Wapemba zinafia hapo. Ukija kwa 15 unajitwisha mzigo wa kuthibitisha kwamba huna dai la uraia popote. Afisa atasema: babako alizaliwa Pemba, Pemba ni Tanzania, basi wewe una dai Tanzania. Huenda kwa mzee mwenyewe aliyezaliwa Pemba ana hoja. Kwa mtoto wake pia inaweza kuwapo hoja, kwa sababu Tanzania inampa uraia wa kurithi mtoto aliyezaliwa nje ikiwa mzazi wake ni raia kwa njia isiyokuwa ya kurithi. Lakini mjukuu, aliyezaliwa Kenya kwa mzazi aliyezaliwa Kenya, hana. Urithi huo unakoma kizazi kimoja. Kifungu cha 16 hakiulizi dai. Kinauliza una pasipoti au kitambulisho cha nchi nyingine mkononi au la. Kwa mzee wa Kipemba aliyekuja 1950 na hajawahi kuchukua karatasi ya Tanzania, 16 ndio mlango wake, na watoto wake watu wazima wapite 17 kwa kumfuata yeye. Kwa Washona waliokuja kuhubiri kutoka Rhodesia, Zimbabwe ya leo, mwanzoni mwa miaka ya 1960 wakiwa na pasipoti za Kiingereza za Shirikisho la Rhodesia na Nyasaland, ambalo lilikwisha kufa, hoja hubadilika, na 15 inaweza kukaa vizuri zaidi.

Mtego huu wa kuambiwa una nchi nyingine usiyoijua si wa Kenya peke yake. Hong Kong ilipokaribia kukabidhiwa China mwaka 1997, Bunge la Uingereza lilitunga sheria ya kuwasajili Wahindi, Wanepali na wengine wasio na asili ya Kichina ambao hawakuwa na uraia mwingine na walikuwa wakazi wa kawaida wa pale kabla ya 4 Februari 1997. Baadhi yao walikataliwa kwa hoja kwamba sheria ya India au ya Nepal ilikuwa imewafanya raia tangu utotoni kupitia wazazi. Kwa hiyo ukisikia swali hilo Kilifi, usidhani umeonewa wewe tu. Jiandae kulijibu kwa sheria ya nchi husika, si kwa kulalamika.

Kasoro ya pili ya huduma hii ni muda. Sheria ilianza 30 Agosti 2011 na ilitoa miaka 5 ya kuomba chini ya vifungu hivi, pamoja na ruhusa ya waziri kuongeza 3. Muda huo ulikwisha 2019. Kabla na baada ya hapo, milango imekuwa ikifunguliwa kwa matamko ya Ikulu, jamii moja moja. Wamakonde, ambao wazee wao waliletwa kutoka Msumbiji kufanya kazi mashamba ya mkonge na miwa, walitembea kwa miguu kutoka Kwale kuelekea Nairobi Oktoba 2016 ndipo wakasikilizwa. Wakaitwa kabila la 43. Washona 1,670 walitangazwa siku ya Jamhuri 2020, pamoja na watu 1,300 wenye asili ya Rwanda. Wapemba walitambuliwa Julai 2023, Rais William Ruto alipofika Kilifi kukabidhi vyeti. Tunafurahi kwa kila aliyepata. Lakini haki inayotolewa kwa hafla ina ubaya wake: aliyekuwa baharini siku ya kuandikishwa, mgonjwa, au anayeishi kaunti nyingine, amebaki. Kama hukuandikwa katika zoezi la jamii yako, usikae ukingoje hafla nyingine. Peleka barua kwa afisa wa uhamiaji wa kaunti, mpe nakala msaidizi wa kamishna wa eneo lako, na udai nakala yako igongwe mhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Barua isiyo na mhuri ni sawa na kutoandika.

Kasoro ya tatu ni tarehe yenyewe. Waliokimbia Pemba baada ya Mapinduzi walifika wiki chache au miezi michache baada ya 12 Desemba 1963. Kwa maandishi ya sheria hawamo, ingawa wameishi miaka 60. Kishawishi cha kurudisha nyuma mwaka wa kufika ni kikubwa, na tunasema waziwazi: usifanye hivyo. Ibara ya 17 ya Katiba inaruhusu uraia wa kusajiliwa ufutwe ukipatikana kwa udanganyifu au kwa kuficha jambo la msingi, na hakuna muda wa kuisha kwa hilo. Ukifutwa wewe, watoto waliosajiliwa kwa mgongo wako wanatikisika nao. Kwa familia ya namna hii, tafuta kwanza mlango wa ibara ya 14 kupitia kwa mke au mama. Vilevile wasichanganywe na waliovuka hadi Shimoni Januari 2001 baada ya mauaji ya Pemba. Wale walikuja kama wakimbizi na historia yao ni nyingine. Afisa akikuweka kundi hilo, mwonyeshe karatasi iliyoandikwa kabla ya 2001, hata kadi ya kliniki ya mtoto.

Tuje kwenye maandalizi ya faili, kwa anayepitia 16 au 17.

Anza na mti wa ukoo kwenye karatasi moja. Andika babu, bibi, wazazi, ndugu na watoto, na kando ya kila jina mahali na mwaka wa kuzaliwa, na kama amefariki alizikwa wapi. Kwa aliyehama, andika alitoka kijiji gani, alishukia bandari gani, na alipokewa na nani. Karatasi hii haiombwi rasmi kila mahali, lakini ndiyo inayookoa mahojiano, kwa sababu ndugu watatu wakihojiwa vyumba vitatu wakitaja miaka mitatu tofauti, faili zote tatu zinawekwa kando. Wazee huhesabu kwa matukio. Mzee akisema alikuja mwaka wa njaa fulani, au kabla ya mwenge wa uhuru, andika hivyohivyo kisha mkubaliane mwaka unaokaribia, na katika kiapo itamkwe kuwa ni makadirio. Mwaka wa kukadiria unaosemwa kuwa wa kukadiria haumdhuru mtu.

Kisha ushahidi wa kuwapo kabla ya uhuru. Risiti za kodi ya kichwa, kipande cha zamani (kitambulisho cha enzi za ukoloni), leseni ya chombo, kadi ya chanjo, daftari la malipo la shamba la mkonge, barua yenye stempu. Wachache wanavyo. Kwa wasio navyo, viapo vya majirani ndiyo nguzo: wawili au watatu, wazee kuliko mwombaji, wenye vitambulisho, wasiokuwa ndugu wa damu. Kiapo kizuri hakisemi tu "namfahamu tangu zamani". Kinasema: mwenye kuapa nilikuwa na umri gani, tulikaa mtaa gani, nyumba zetu zilipakana upande gani, babake alivua kwa juya au mshipi na nani, mwaka gani nyumba ilihamishwa. Mambo madogo ndiyo humwaminisha afisa.

Neno "mfululizo" linahitaji uangalifu wa peke yake. Wavuvi huenda dago, yaani kambi ya uvuvi ya msimu. Kaskazi ikianza, chombo kinaondoka na watu wanakaa miezi kisiwa kingine, wengine hadi maji ya Tanzania au ya Somalia, kisha wanarudi. Mwombaji akiulizwa "umewahi kuishi nje ya Kenya?" akajibu "ndiyo, Mafia, miezi 4", karani ambaye hajui dago anaandika kwamba makazi yalikatika. Jibu la kweli na kamili ni kwamba ulikwenda kuvua, mke, watoto na nyumba vilibaki Mayungu au Watamu, na msimu ulipokwisha ulirudi. Lisemwe hivyo mwanzo, na liwe katika kiapo.

Barua ya chifu bado inatakiwa, na mzee wa mtaa hukaa kwenye mahojiano. Hapa ubora wa huduma unategemea mtu uliyempata. Februari 2025, huko Wajir, Rais alitia saini tangazo la kuondoa uhakiki wa ziada uliokuwa ukiwabana watu wa kaunti za mpakani na jamii za Kiislamu wanapoomba vitambulisho. Kuulizwa maswali ya kawaida kuhusu wazazi na mahali ulipozaliwa ni sawa. Kuitwa mbele ya jopo kwa sababu tu jina lako ni Makame au Faki, si sawa tena. Ukidaiwa pesa kwa barua ya chifu, usilipe. Andika tarehe na mahali, na upeleke malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala.

Cheti kikitoka, kisome kabla hujaondoka dirishani. Herufi kwa herufi. Wapemba wanataja jina lao, la baba na la babu. Makarani wamezoea jina la ukoo. Tumeona Hamad Kombo Faki akiandikwa Faki Hamad Kombo, na nduguye wa tumbo moja akaandikwa Kombo tu mwishoni. Miaka ijayo hao wawili watashindwa kuonyesha kwamba ni ndugu mbele ya mahakama ya mirathi. Kosa likirekebishwa siku hiyohiyo ni dakika chache. Likirekebishwa baada ya kitambulisho kutoka, ni safari nyingi na kiapo kingine.

Cheti si kitambulisho. Lazima uende kwa msajili wa watu ujaze fomu 136A na uchukuliwe alama za vidole vyote 10. Kwa wavuvi hapa pana tatizo ambalo maafisa wa bara hawalielewi: kamba na chumvi zimesugua ngozi mpaka mistari imefutika. Alama zikitoka doa jeusi tupu, fomu hurudi baadaye ikiwa imekataliwa, na mwombaji hajui kwa nini. Usiende ofisini ukitoka baharini. Pumzisha mikono angalau siku 4 au 5, paka mafuta ya nazi usiku, na asubuhi osha kwa sabuni na ukaushe kabisa kabla ya wino. Mwombe karani abonyeze kidole taratibu, akiviringisha kutoka ukucha hadi ukucha, na atumie wino kidogo. Ile karatasi ya kungojea unayopewa ipige picha. Namba iliyo juu yake ndiyo utakayofuatilia nayo.

Kuna wale waliokwisha kupata vitambulisho zamani kwa kujiandikisha kuwa Wadigo, Wagiriama au Wabajuni, kwa sababu hakukuwa na njia nyingine ya kula. Hawa tunawaomba wasikimbilie dirishani kubadilisha. Kukiri maelezo yasiyo ya kweli mbele ya msajili bila mwanasheria kunaweza kuleta kesi. Waone kwanza wasaidizi wa kisheria. Kituo cha Sheria kina ofisi Mombasa, na Haki Centre imefanya kazi na Wapemba kwa miaka. Huenda wengi wao, kupitia mama, walikuwa raia halali muda wote, na kinachohitaji kusahihishwa ni kabila tu.

Sehemu inayotuuma zaidi ni watoto. Kifungu cha 17 kinamsajili mwenye miaka 18 na zaidi. Mtoto anayezaliwa baada ya mzazi kupata cheti ni raia wa kuzaliwa. Lakini aliyezaliwa kabla ya tarehe ya cheti, na hajafika 18, na mzazi wake wa pili si raia, haingii popote kwa maandishi. Nyumba moja, mama mmoja, baba mmoja: aliyezaliwa Agosti 2024 ni Mkenya, kaka yake wa Juni 2023 hana jibu. Hili ni pengo la kutungiwa sheria na Bunge, na kila mbunge wa Pwani anapaswa kuulizwa juu yake. Wakati huo usipoteze muda. Kuzaliwa kwa mtoto yeyote ndani ya Kenya lazima kusajiliwe, awe raia asiwe. Ndani ya miezi 6 ni rahisi. Baada ya hapo ni usajili wa kuchelewa wenye kudai ushahidi zaidi. Cheti cha kuzaliwa hakithibitishi uraia, lakini kinathibitisha siku, mahali na wazazi, na shule inakidai kwa mitihani. Mtoto huyo akitimiza 18 bila cheti cha kuzaliwa, utaanza kutafuta viapo upya, na pengine wazee wa kuapa hawapo tena.

Neno kuhusu uzito wa uraia wenyewe. Wa kusajiliwa ni kamili kwa mambo mengi, ila si sawa na wa kuzaliwa. Ukihukumiwa kifungo cha miaka 3 au zaidi ndani ya miaka 5 ya kusajiliwa, unaweza kufutiwa. Hutagombea urais. Na kwa ubunge au udiwani wa kaunti, Katiba inataka uwe raia kwa angalau miaka 10 kabla ya uchaguzi. Mmakonde aliyepata cheti mwishoni mwa 2016 anaweza kusimama Agosti 2027. Mpemba wa Julai 2023 atapiga kura 2027 na 2032, lakini kugombea hawezi hadi uchaguzi wa baada ya hapo. Ndiyo sababu nyingine ya kutafuta ibara ya 14 kwanza: anayestahili uraia wa kuzaliwa akikubali wa kusajiliwa, amejipunguzia mwenyewe.

Faida za kila siku zinaonekana upesi. Asiye na kitambulisho haingii kwenye daftari la BMU (kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo) ya ufuo wake, hapati leseni, na samaki wake wanapimwa kwa jina la tajiri mwenye leseni, kwa bei ya tajiri. Pesa zake zimo kwenye simu ya mtu mwingine. Akiugua hawezi kujiandikisha SHA, mamlaka ya bima ya afya ya serikali. Siku kadi inapotoka, mambo haya hayajirekebishi yenyewe. Nenda kwa mpangilio. Laini ya simu kwanza, kwa kuwa huduma nyingine zote zinaiuliza namba hiyo. Kisha SHA, kisha BMU na leseni, kisha benki. Laini uliyosajiliwa na rafiki ihamishwe kwa jina lako mkiwa wote wawili mbele ya wakala, naye akiwa na kitambulisho chake, kabla hajasafiri.

Cheti cha usajili chenyewe usitembee nacho. Kipigie nakala 3 zilizothibitishwa na wakili, moja iwe kwa mtoto mkubwa, na cha asili ukifunge kwenye nailoni mbili mahali pasipofikiwa na maji ya chumvi. Kitambulisho kikipotea utapewa kingine. Cheti kikipotea unarudi kwa wenye faili, na tarehe iliyo juu yake ndiyo itakayoamua kama wajukuu zako walizaliwa raia.